Amitriptilini na sitalopramu: dozi ikizidi, moyo hauumii kwa namna moja

Zote ni dawa za sonona, ila mgonjwa akizidisha dozi, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ndiyo inayoamua tiba.

Amitriptilini huziba njia za sodiamu kwenye misuli ya moyo, QRS (sehemu ya ECG inayoonyesha umeme ukisambaa kwenye vyumba vya chini vya moyo) ikapanuka. Ikivuka milisekunde 100, jiandae kwa degedege. Ikivuka 160, mapigo yanaweza kuvurugika vibaya. Mambo hugeuka haraka: aliyekuwa akiongea anapoteza fahamu ndani ya saa moja au mbili. Toa sodiamu baikaboneti 8.4%, milimoli 1–2 kwa kila kilo ya uzito, kupitia mshipa, ukirudia huku ukiangalia QRS ikisinyaa. Lenga pH ya damu 7.45–7.55. Degedege litulizwe kwa diazepamu. Fenitoini iache kabatini, maana nayo huziba sodiamu.

Sitalopramu hurefusha QT (muda kwenye ECG ambao vyumba vya chini vya moyo hutumia kusisimka na kurudi kutulia), tena kwa kuchelewa, kwa hiyo usimruhusu mgonjwa mapema eti anaonekana mzima. Rekebisha potasiamu. Mapigo yakianza kujisokota (torsades de pointes, mapigo ya kasi ya hatari yanayoonekana kama kamba iliyosokotwa kwenye ECG), magnesiamu salfeti gramu 2 kwa mshipa. Mapigo yakipotea, mshtuko wa umeme mara moja. Baikaboneti hapa si ya kumimina ovyo: hushusha potasiamu, na QT huzidi kurefuka.