Kijiji cha Lodi au Kijiji Huru: Kipi Kilimfaa Kibarua wa Uingereza?

Katika Uingereza ya karne ya 19, kibarua wa shamba aliishi ama katika kijiji kilichomilikiwa chote na lodi mmoja, yaani kabaila mwenye ardhi nyingi, ama katika kijiji huru, chenye wamiliki wengi wadogo.

Kwa ubora wa nyumba, mara nyingi kijiji cha lodi kilishinda: Edensor, kando ya Chatsworth, jumba la lodi aliyekimiliki, kilijengwa upya kati ya 1838 na 1842 kwa mawe imara. Hata hivyo, na hili linaniuma, kijiji cha awali kilikuwa kimeondolewa ili kisionekane kutoka jumbani.

Usalama wa makazi ulikuwa mgumu zaidi. Kabla ya sheria ya 1872 kuleta kura ya siri, mpangaji aliyekuwa na haki ya kura, ambayo vibarua wengi hawakuwa nayo, alipiga kura hadharani, huku akijua kwamba aliyemiliki paa lake angeweza kumfukuza. Kijiji huru kilikuwa na msongamano, na wengi walitembea mbali kwenda kazini, lakini mtu alichagua mwajiri na kanisa lake.

Mzee aliyehitaji paa lisilovuja angepata nafuu kwa lodi. Kijana mwenye msimamo wa kisiasa angepumua vizuri zaidi kwingine.