Inkscape kwa michoro inayopotea kwenye PDF: uzoefu wangu

Kazi yangu ni kuandaa miongozo ya mashine, hasa pampu za maji. Fundi akifungua mwongozo hasomi, anatafuta mchoro. Akikuta nafasi tupu na chini yake maneno "Mchoro 7: Kufunga sili ya shafti", kwake hiyo ni karatasi ya kufungia maandazi tu.

Miongozo yetu tunaiandika kwa Sphinx, programu inayogeuza maandishi ya kawaida kuwa miongozo kamili, na inatoka kwa sura mbili: kurasa za wavuti na PDF. Kwenye wavuti michoro yote ya SVG, yaani ya mistari isiyofifia hata ukiikuza, ilikuwepo, tena safi. Kwenye PDF hakuna kitu. Chanzo chake kinajulikana: PDF hupitia LaTeX, mfumo wa kupanga kurasa za kuchapa, na LaTeX haipokei SVG moja kwa moja, inataka PDF, PNG au JPG. Onyo hutolewa, ila linazama katikati ya mistari inayokimbia kwenye skrini.

Ningeweza kugeuza kila kitu kuwa PNG. Lakini kwa mchoro wenye namba ndogo ndogo za vipuri hilo sikulitaka kabisa, maana ukiukuza, namba zinakuwa ukungu.

Hapo Inkscape imenifaa. Ni ya bure, ipo tangu 2003, na wengi wanaijua kama programu ya kuchorea nembo. Mimi mara nyingi silifungui hata dirisha lake. Natumia Linux, kwa hiyo naingia kwenye folda ya michoro na kuandika inkscape --export-type=pdf *.svg, na kila mchoro unapata pacha wake wa PDF. Ndani ya mwongozo naandika pampu.* badala ya pampu.svg, kisha Sphinx inachagua yenyewe: SVG kwa wavuti, PDF kwa kitabu. Amri hiyo ni ya toleo 1.0, lililotoka 2020, na yaliyofuata. Ukikutana na maelekezo yenye --export-pdf, ujue ni ya zamani.

Ila nilichoipendea zaidi ni kwamba inakuruhusu kuchungulia ndani ya faili. Mchoro mmoja ulitoka nusu: mistari ipo, picha ya bomba iliyowekwa nyuma yake haipo. Nikabonyeza Ctrl+Shift+X, orodha ya vipande vyote ikafunguka, na kwenye kipande cha picha nikakuta anwani inayoanza na file:///C:/Users/, yaani kompyuta ya mchoraji. Kwake kila kitu kinaonekana, ndiyo maana alikuwa akinijibu "mbona kwangu iko sawa, kaka". Dawa yake ni kuipachika picha ndani ya faili yenyewe, kwa Embed Images kwenye menyu ya Extensions.

Inkscape ina kasoro zake pia. Maandishi yaliyowekwa ndani ya fremu kwa matoleo ya kabla ya 1.0 hayasomeki kwenye vivinjari, na baadhi ya programu huyaonyesha kama kisanduku cheusi. Faili za miaka hiyo zimejaa kwenye kabati letu, na kila moja inabidi ifunguliwe na maandishi yake yageuzwe kuwa ya kawaida. Vivuli na ukungu vilevile hugeuzwa pikseli, yaani vinukta kama vya PNG, ukitoa PDF, basi kwenye michoro ya kiufundi nimevipiga marufuku. Na kwenye laptopu yenye RAM kidogo, utahitaji uvumilivu.

Fonti zikigoma, ongeza --export-text-to-path: herufi zinakuwa maumbo na hazitegemei tena kompyuta ya mtu. Hasara ni kwamba msomaji hawezi tena kutafuta neno lililo ndani ya mchoro.

Kama una michoro michache na unatoa PDF mara moja kwa mwaka, huna haja ya haya yote. Kwa anayechapisha mara kwa mara, naipa nyota nne. Haitakusaidia, hata hivyo, mchoro ukiitwa Pampu.SVG na mwongozo ukiandika pampu.svg: Windows haijali, seva ya Linux inakataa. Kwa hilo nimemwambia mchoraji majina yote yawe herufi ndogo, bila nafasi katikati.