Tuzo ipi ikuongoze kumnunulia mtoto kitabu: Newbery au Jomo Kenyatta?

Likizo ikikaribia, wazazi wa Kisauni na Likoni, hapa Mombasa, huuliza: tufuate tuzo ya Marekani au ya kwetu?

Newbery, ile ya Marekani, haikosi mwaka. Hutolewa na wakutubi tangu 1922, kwa vitabu vya wasomaji hadi miaka 14. Mshindi hubandikwa nembo ya dhahabu kwenye jalada, vilivyomkaribia hupata ya fedha, hivyo hata kwenye rundo la mitumba utavitambua. Vipya ni ghali, na mwandishi lazima awe raia au mkazi wa Marekani. Kiswahili usikitarajie.

Tuzo ya Jomo Kenyatta, ya wachapishaji wa Kenya tangu 1974, kwa kawaida huja kila baada ya miaka miwili. Orodha yake ni fupi, lakini ina vitengo vya watoto na vijana kwa Kiswahili, na hilo kwangu ni kubwa: mtoto wa Majengo anastahili hadithi bora kwa lugha anayochezea mtaani. Bei nayo huwa nafuu.

Anayesoma Kiingereza bila kukwama, Newbery itamfaa. Anayeanza kuonja riwaya, mwanzishie za hapa.