Polikliniki yetu ya Katuba: mama hakai tena njaa akingoja daktari

Kila mwezi nampeleka mama kupima sukari na tansio, yaani shinikizo la damu, kwenye polikliniki moja ya mtaani kwetu Katuba, hapa Lubumbashi. Siku hizi wamebadilisha namna ya kupokea wagonjwa, nami nimefurahi kuliko kama wangetuletea mashine mpya.

Zamani jetoni, yaani namba za zamu, zilikuwa za aliyetangulia, kwa hiyo watu walijazana getini kabla hakujapambazuka. Ulipanga mstari wa fishi, yaani karatasi ya mgonjwa, ukapanga kwa keshia, ukamngoja daktari. Daktari akikutuma maabara, ulirudi kwanza kwa keshia kulipia kipimo, ukasubiri majibu, halafu ukaanza upya mlangoni kwake. Muda wa kuonana naye ulikuwa mfupi. Saa zilizobaki ziliishia kwenye benchi.

Kwa mgonjwa wa sukari, kungoja namna hiyo ni hatari. Kipimo cha asubuhi kinataka mtu awe hajala kwa saa 8 hivi. Mama alitoka nyumbani bila hata chai, na kutolewa damu ilikuwa karibu adhuhuri. Anayetumia dawa za kushusha sukari akikaa na njaa kiasi hicho, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Siku moja nilimwona mikono ikitetemeka, jasho likimtoka, daftari la matibabu likimponyoka, na nikimwita hajibu sawasawa. Soda ya mama muuza vinywaji wa getini ndiyo iliyomrudisha. Tangu siku hiyo suala la kungoja hospitalini nalichukulia kwa uzito mkubwa.

Sasa wagonjwa wa kila mwezi tunaandikiwa saa kwenye daftari. Tukifika tunapokewa na muuguzi, si keshia. Anampima mama tansio na uzito, anamtoa damu hapo hapo. Mara ya kwanza alimwambia, “Mama, hujala bado? Njoo kwangu kwanza, halafu ukanywe chai yako.” Mama anakula vitumbua vyake, anameza dawa, na akiitwa kwa daktari majibu yako tayari mezani. Malipo yanafanyika mara moja tu, kwa fedha taslimu au kwa simu. Daktari ni yule yule, na wala hana haraka. Afadhali sasa anapata nafasi ya kumuuliza mama kuhusu miguu yake.

Upande wa watoto pia wameamka. Mtoto mwenye degedege, asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu au aliyelegea hadi haamki, anaingizwa moja kwa moja. Hizo ndizo dalili za hatari ambazo Shirika la Afya Duniani linawafundisha wahudumu kuziangalia kwa watoto chini ya miaka 5. Mwenye homa tu anapimwa malaria kwa kipimo cha haraka, ambacho majibu yake hutoka baada ya dakika 15 hadi 20, naye anaingia kwa daktari akiwa na jibu mkononi. Mwanzoni watu walinung'unika kuona waliochelewa wakiwatangulia. Muuguzi husimama akawaeleza wote kwa sauti sababu ya mtoto yule kupita, na hapo benchi hutulia. Maelezo hayo ni sehemu ya kazi, wasiyaache.

Mimi nafundisha hisabati, kwa hiyo benchi kuwa tupu hakunishangazi. Mwaka 1961 mtafiti Mmarekani John Little alithibitisha kwamba wastani wa watu waliomo ndani ni idadi ya wanaofika kwa saa mara muda anaokaa kila mmoja. Wakifika 10 kwa saa na kila mmoja akakaa saa 3, ndani mna watu 30. Muda ukishuka hadi saa moja, mnabaki 10, ingawa hakuna mgonjwa aliyefukuzwa. Ndiyo maana naviomba vituo vingine vianze kwa kuondoa ile mizunguko ya keshia kabla ya kufikiria kujenga ukumbi mkubwa zaidi.

Kasoro zipo. Saa za asubuhi wanawapa watu wengi mno na mchana wanauacha wazi, hasa Jumatatu. Wakati wa mvua njia zetu zinageuka matope, na anayechelewa kidogo anarudishwa mwisho wa orodha. Hilo si haki kwa wazee, wawape angalau nusu saa. Kubwa zaidi ni duka la dawa. Lina dirisha moja, na anayetoa dawa ndiye huyo huyo anayeandika kwenye rejista. Muda wote tuliouokoa kwa daktari unapotelea pale. Wakiweka mtu wa pili kwenye dirisha hilo, mama atakuwa nyumbani kabla jua halijawa kali.