Kununua hifadhidata ya sheria ukiwa Lubumbashi: ipi kwanza, ipi mwisho

Wakili anayeanza kazi Lubumbashi huulizwa mapema, na mara nyingi na mtu mwenye kitu cha kuuza, atajiunga na hifadhidata gani ya sheria. Mwongozo huu ni kwa ajili ya kabine ndogo za mawakili, wanasheria wa makampuni ya madini na ya usafirishaji, na wanafunzi wa Kitivo cha Sheria wanaoandika kazi ya mwisho: watu wenye fedha kidogo, mega za intaneti zinazokwisha kabla ya mwezi kwisha, na kesi iliyopangwa wiki ijayo. Nimezipanga hifadhidata hizi kwa kipimo kimoja, nacho ni tarehe. Kwa sheria zenyewe nauliza kama mahali hapo panakuonyesha andiko linalotumika leo, na kwa makala za wanazuoni nauliza kinyume chake, yaani kabati lao linarudi nyuma hadi miaka gani.

Kipimo hicho sikukitoa hewani. Mwaka 2024 mwanagenzi mmoja katika kabine yetu aliandaa hati ya kukamata fedha za mdaiwa zilizokuwa benki, akichapa vifungu kutoka tovuti moja ya bure. Nilipomuuliza amechukua andiko lipi, alijibu kwa utulivu, “Maître, ni lile lile tunalotumia siku zote.” Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Sheria ya Pamoja ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zinazotumia sheria moja za biashara, kuhusu utekelezaji wa hukumu na ukusanyaji wa madeni ilikuwa ya mwaka 1998, lakini ilifanyiwa marekebisho makubwa na kupitishwa Kinshasa tarehe 17 Oktoba 2023, na andiko jipya likaanza kutumika tarehe 16 Februari 2024. Ukurasa aliouchapa haukuwa na neno hata moja la kumwonya. Tuliiandika upya hati yote usiku ule, kabla haijapelekwa kwa mjumbe wa mahakama, na tangu siku ile hakuna karatasi inayotoka kwetu bila tarehe ya andiko kuandikwa pembeni kwa mkono.

Kabla ya kulipa hata dola moja, ifanyie hifadhidata unayouziwa jaribio ambalo kila mtu wa Katanga anaweza kulifanya kwa dakika tano. Tafuta Sheria ya Madini ufungue kifungu cha 241, kinachotaja viwango vya mrabaha. Ukikuta kwamba metali zisizo za jamii ya chuma, ambamo shaba imo, zinalipiwa asilimia 2, basi umepewa andiko la tarehe 11 Julai 2002 kama lilivyozaliwa. Ukikuta asilimia 3.5, umepewa andiko lililorekebishwa na sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, na hapo muuzaji amepita hatua ya kwanza. Hatua ya pili ni kobalti. Kifungu hicho kinasema kwamba madini ya kimkakati hulipiwa asilimia 10, lakini hakisemi madini hayo ni yapi. Jibu limo katika dikrii, yaani amri ya serikali, namba 18/042 ya tarehe 24 Novemba 2018, iliyoitangaza kobalti, jermani (germanium) na koltani kuwa ya kimkakati. Hifadhidata nzuri inakutoa kwenye kifungu hadi kwenye dikrii kwa kubonyeza mara moja. Ile ya wastani inazo zote mbili ila inakuacha uzitafute mwenyewe, na mbaya inayo sheria peke yake, hivyo mteja wako wa Kolwezi atapewa hesabu ya shaba kwa mzigo wa kobalti.

Nafasi ya kwanza naipa OHADA, nayo hailipiwi. Kongo ilianza kufungwa na mkataba wa jumuiya hiyo tarehe 12 Septemba 2012, na kwa kuwa kifungu cha 10 cha mkataba kinazifanya Sheria za Pamoja zitumike moja kwa moja na kuziweka kando sheria za ndani zinazopingana nazo, sehemu kubwa ya kazi ya biashara inayofika Mahakama ya Biashara ya Lubumbashi imo humo: makampuni, dhamana, ufilisi, usuluhishi, ukamataji wa mali. Maandishi yake yanasomwa bure kwenye tovuti rasmi ya jumuiya na kwenye ohada.com, inayosimamiwa na chama cha UNIDA, ambako pia iko orodha ya Ohadata, yenye herufi J kwa hukumu na D kwa makala. Kwa hukumu za Mahakama ya Pamoja ya OHADA iliyoko Abidjan, ambayo ndiyo hufunga mjadala katika mashauri ya aina hii, tumia pia Juricaf, hifadhidata ya bure ya umoja wa mahakama kuu za nchi zinazotumia Kifaransa. Zoea kutafuta kwa namba ya kifungu pamoja na jina fupi la sheria. Ukitafuta kwa neno “deni” peke yake utaletewa mafuriko.

Nafasi ya pili ni tovuti ya bure ya Leganet, kwa sheria za Kongo yenyewe, lakini kwa sharti kwamba isisomwe peke yake. Maandishi yake mengi ni kurasa nyepesi zinazofunguka haraka hata mtandao unapolegea, na hilo kwa mtu anayenunua mega kwa siku si jambo dogo. Hata hivyo, ukifungua sheria hapo au kwenye tovuti nyingine yoyote ya bure, usidhani kwamba marekebisho yake yameunganishwa ndani. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 ina ndugu yake wa tarehe 15 Julai 2016, na Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilirekebishwa siku hiyo hiyo ya Julai 2016. Anayesoma mmoja bila mwingine hajasoma sheria. Kuna pia maandishi ya kikoloni, kama dikrii ya tarehe 27 Februari 1887 kuhusu makampuni ya biashara, ambayo bado unakutana nayo mtandaoni yakiwa yamenyooka kana kwamba OHADA haikuwahi kuingia.

Kwa hiyo fedha ya kwanza ambayo ningekushauri uitoe ni ya Gazeti Rasmi. Hutoka mara mbili kwa mwezi, tarehe 1 na tarehe 15, pamoja na matoleo maalumu, na kifungu cha 142 cha Katiba kinasema kwamba sheria huanza kutumika siku 30 baada ya kutangazwa humo, isipokuwa yenyewe ikiamua vingine. Toleo maalumu lenye Sheria ya Madini au Sheria ya Kazi, likiwa mezani, linaweza kumwonyesha jaji kitu ambacho karatasi iliyochapwa kutoka tovuti haiwezi. Kifungu hicho hicho cha Katiba, niseme kwa kupita tu, kinaitaka serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na kwa kila mojawapo ya lugha nne za taifa ndani ya siku 60 tangu kutiwa saini. Kiswahili ni mojawapo ya lugha hizo, lakini katika hifadhidata zote ninazozitaja hapa utatafuta kwa Kifaransa au kwa Kiingereza.

Nafasi ya tatu ni za majirani na za fani maalumu, zote za bure. Anayeshughulika na malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, atahitaji siku moja ZambiaLII, tovuti ya sheria na hukumu za Zambia, kwa maana mkataba wa usafirishaji uliosainiwa upande wa pili wa mpaka huweza kusomwa kwa sheria ya huko, ambako hukumu za majaji zina uzito tusiouzoea sisi tuliolelewa na vitabu vya sheria. Kwa ardhi, misitu na maji kuna FAOLEX ya FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo. Kwa makosa ya kivita, hukumu za Thomas Lubanga, Germain Katanga na Bosco Ntaganda zimo katika hifadhidata ya Legal Tools ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai bila malipo.

Sasa tufike kwenye za kulipia, ambako ndiko watu wanakopoteza fedha. Kuna nyumba za Ufaransa, yaani Dalloz, Lexis, Lamyline na Lexbase, ambayo ina jarida lake la Afrika na OHADA. Na kuna Strada lex ya Ubelgiji. Bei mara nyingi haitangazwi: unaandikiwa kulingana na idadi ya watumiaji na vipande unavyochagua, kwa hiyo bei aliyopewa jirani yako si lazima iwe yako. Ninaziweka nafasi ya nne kwa sababu ambayo wauzaji hawaitaji.

Sheria yetu ya mikataba na ya fidia bado inasimama juu ya dikrii ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo ni mtoto wa sheria ya Napoléon. Kifungu chetu cha 258, kinachomlazimu aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake kulipa, ni pacha wa kifungu cha 1382 cha Ufaransa na cha Ubelgiji. Ndiyo maana mawakili wa hapa wamezoea kuwanukuu wanazuoni wa Paris na Brussels, nao majaji hawashangai. Lakini pacha hao wamehama nyumba. Ufaransa iliandika upya sheria yake ya mikataba kwa amri ya tarehe 10 Februari 2016, iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba mwaka huo, na 1382 ikawa 1240. Ubelgiji nayo imeanza kutumia kitabu kipya cha mikataba na madeni tarehe 1 Januari 2023, na kile cha fidia nje ya mkataba tarehe 1 Januari 2025. Maana yake ni kwamba maelezo mapya kabisa, ambayo muuzaji anayasifu zaidi, yanazidi kufafanua sheria isiyo yetu, ilhali yale ya miaka ya themanini na tisini yanafafanua kifungu kinachotumika hadi leo Lubumbashi.

Basi unapozungumza na muuzaji, usimuulize kuna nini kipya. Muulize hukumu na majarida yanaanzia mwaka gani, na kama kumbukumbu za kabla ya 2016 zimo ndani ya bei au zinauzwa kando. Omba kipindi cha majaribio, kisha tafuta “1382” halafu “1240”. Kama ya kwanza inakuletea kurasa chache tu, abonema hiyo, yaani usajili huo wa kulipia, haikufai, hata kama ukurasa wake wa mbele unapendeza. Kama inakuletea hukumu za miongo mitatu zenye maelezo, na kazi yako kubwa ni ya madai ya kiraia, hapo kuna hoja ya kulipa. Mimi ningeanza na Strada lex kwa kazi ya kiraia na Lexbase kwa kazi ya biashara, wala nisingenunua zote mbili mwaka mmoja.

Angalia pia njia ya malipo na masharti ya kuingia. Wengi wao wanataka kadi ya benki au uhamisho wa fedha kwenda Ulaya, na M-Pesa yako haitakusaidia. Neno moja la siri likitumiwa na mawakili sita linaweza kufungwa katikati ya mwezi, kwa hiyo omba leseni ya kabine iliyoandikwa idadi ya watu.

Kwa makala za majarida, mwanafunzi asilipe chochote kabla ya kupita milango iliyo wazi. Persée, maktaba ya majarida mtandaoni, inayo bure Revue internationale de droit comparé, tena ya miaka mingi. Cairn, nyingine ya aina hiyo, hufungua matoleo ya zamani ya majarida yake mengi na kutoza yale mapya, jambo ambalo kwa sababu niliyokwisha kuieleza halituumizi sana. Kisha kuna GOALI, mpango ulioanzishwa mwaka 2018 chini ya Research4Life kwa ushirikiano wa Shirika la Kazi la Kimataifa, unaozifungulia taasisi za nchi kama yetu majarida na vitabu vya sheria vinavyolipiwa kwingineko. Anayesajiliwa ni taasisi, si mtu binafsi. Muulize mkutubi wa chuo chako jinsi usajili wao ulivyo, na kama haupo, barua ya mkuu wa kitivo itafaa kuliko michango ya wanafunzi.

Nafasi ya mwisho, na ninaiandika tu kwa sababu watu wananunua, ni ya flashi zinazouzwa kwa kuambiwa zina “sheria zote za Kongo”. Niliyoifungua mimi ilikuwa na faili mia kadhaa zisizo na tarehe wala chanzo. Karibu nazo ni programu za akili bandia zinazojibu kwa ujasiri: mwaka 2023 jaji wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 katika shauri la Mata dhidi ya Avianca, kwa sababu walipeleka mahakamani hukumu zilizobuniwa na programu ya aina hiyo. Hukumu yoyote uliyopewa na programu, itafute Juricaf kabla ya kuitaja.

Kuna kitu kimoja ambacho sijakipa nafasi, nacho ndicho tunachokihitaji zaidi: hukumu za mahakama zetu wenyewe, za hapa Lubumbashi. Sijaona abonema yenye mkusanyiko wa kutosha wa hukumu hizo. Njia tunayoitumia ni ya miguu. Unakwenda kwa karani wa mahakama, unalipa ada ya nakala, unarudi na karatasi zenye mhuri, unazipiga picha kwa simu na kuzipa jina lenye namba ya faili, tarehe na kifungu kilichotumika. Folda yetu ilianza na hukumu tatu za kodi ya nyumba, na sasa mwanagenzi huifungua kabla ya kununua mega.