Baruti ya risasi za kusubu za bastola: ipi ununue kwanza na ipi uiache dukani

Mtu akishaanza kusubu vichwa vyake mwenyewe, yaani kuyeyusha madini na kumimina kwenye umbo kutengeneza ile sehemu ya risasi inayoruka, swali linalofuata huwa ni lile lile, ninunue baruti gani, na akiuliza watu kumi anapata majibu kumi maana kila mtu anasifia kopo alilonalo kwenye kabati. Mi nitakupa mpangilio wangu, ila kabla ya hapo tuelewane kwanza, kichwa cha kusubu hakina koti la shaba, ni madini ya risasi yamechanganywa na bati na antimoni kidogo basi, kwa hiyo hakitaki kukimbizwa sana. Unachotafuta ni baruti inayowaka vizuri hata presha ikiwa ndogo, inayopita bila kukwama kwenye kipimio, kile kifaa cha kumwaga baruti kwa kiasi kile kile, na inayojaza ganda kiasi kwamba ukichungulia unaiona. Hiyo ya kuonekana ndo watu wanaipuuza na mimi ndo naiweka ya kwanza, nitakuja kusema kwa nini.

Na usije ukabadilisha baruti kwa sababu mtutu unajaa madini ya risasi yaliyoganda ndani. Nimeona watu wanaruka kutoka kopo hadi kopo wakitafuta dawa ya hiyo kitu, kumbe shida ni kichwa chembamba kuliko mtutu, gesi ya moto inapita pembeni inakiunguza na kukilamba na yale mabaki yanabandika kwenye mifereji ya ndani. Pima mtutu wako, kichwa kizidi kwa elfu moja ya inchi hivi, ndo maana vichwa vya .38 Special, aina mojawapo ya risasi za bastola, watu wanavipitisha kwenye kifaa cha saizi ya inchi 0.358, halafu uwe na grisi nzuri au uvipake rangi ya poda na kuvioka. Ugumu unakuja baadaye, madini ya risasi safi ni kama 5 kwenye kipimo cha ugumu cha Brinell, yale ya kubalansi tairi yanacheza kwenye 12 hivi, na kwa mzigo (kiasi cha baruti ndani ya ganda) wa kawaida wa bastola hiyo 12 inatosha kabisa. Saizi ikiwa mbovu hakuna baruti itakayokuokoa.

Haya, namba moja kwangu ni W231, au HP-38, na hapa usibishane na muuzaji maana ni baruti moja yenye lebo mbili, zote Hodgdon ndo anaziuza, ya Winchester alianza kuisambaza mwaka 2006. Chukua iliyopo. Punje zake ni vimpira vidogo vilivyobonyezwa, zinamwagika kwenye kipimio kama maji, unamwaga mara hamsini unapima kwenye mizani unakuta tofauti ni ndogo mno. Inafaa .38 Special, .45 ACP, 9mm, yaani kwa mtu mwenye bastola mbili tatu kopo moja linamaliza kazi zote. Haiungui moto wa kutisha na data zake zimejaa kwenye kila kitabu cha vipimo. Kasoro yake ni kwamba kwenye ganda refu kama la .38 inakaa chini kabisa, haijazi, kwa hiyo macho lazima yafanye kazi, ila kupimika kwake na kufaa bastola nyingi ndo kunaibakiza namba moja.

Ya pili Unique. Hii ni ya zamani, ipo tangu mwanzo wa karne ya 20, leo inabeba jina la Alliant, na kuna wazee wamejaza risasi maisha yao yote hawajawahi kununua nyingine. Ni vibapa vikubwa vikubwa, inajaza ganda vizuri kuliko ya kwanza, inabeba kuanzia mzigo mlaini mpaka ule wa kati wenye nguvu kidogo, hata .44 na .45 Colt inaziweza. Kwa nini sikuiweka namba moja? Kipimio. Vile vibapa vinagandana, mara kipimio kinakwama kidogo mara kinamwaga zaidi, ukiwa na mashine ya kujaza risasi inayozungusha maganda yenyewe utakereka. Na ukiipakia mlaini sana inaacha masizi na punje ambazo hazijaungua, watu wanaiita chafu, ila kichwa cha kusubu chenye grisi ni kichafu chenyewe kwa hiyo hilo silihesabu sana.

Ya tatu Bullseye, ambayo ni kongwe zaidi hata, 1898. Ni ya haraka kuwaka, inatumia greini (kipimo kidogo cha uzito) chache, na wale wa kulenga karatasi taratibu hawaiachi mpaka kesho. Kwa kichwa chepesi cha kusubu kwenye .38 Special inalenga utamu. Sasa uchache wa greini una faida, pauni moja ina greini 7000, kwa hiyo kila ukipunguza greini moja kwenye mzigo kopo linaenda mbali, mtu wa greini 5 anapata risasi 1400 na wa greini 3.5 anapata 2000 kutoka kopo lile lile. Lakini uchache huo huo ndo hatari yake. Ganda la .38 Special lina ukubwa wa enzi za baruti nyeusi, mzigo wa Bullseye ndani yake ni kama chumvi chini ya glasi, ukimwaga mara mbili inaingia na nafasi inabaki, na kichwa kinakaa juu vizuri tu bila kukuambia chochote.

Ilinitokea. Sio kwa baruti hiyo, ilikuwa nyingine ya haraka vilevile, nilikuwa naongea na mtu huku nashika trei ya maganda, nikarudi kwenye kipimio nikaanza safu ambayo nilishaimaliza. Kilichoniokoa ni tabia ya kumulika trei nzima kwa tochi kabla ya kuweka vichwa, nikaona maganda manne baruti imepanda juu kuliko wenzake. Manne! Nilimwaga trei yote nikaenda kulala. Tangu siku hiyo nikichagua baruti swali langu la kwanza ni moja, mzigo ukiwa mara mbili, ganda litafurika au litanyamaza?

Kwa kigezo hicho Red Dot inapanda mpaka namba nne ingawa watu wanaijua kama baruti ya shotgani. Ni nyepesi, imetuna, ina vibapa vyekundu vya kuitambulisha hapa na pale, inachukua nafasi kubwa ndani ya ganda na kwenye .38 au .45 unaiona bila kuhangaika. Kupimika ndo inasumbua kama Unique. Kama una kopo kwa ajili ya shotgani na kitabu chako kina data yake kwa bastola, huna haja ya kununua nyingine kwanza.

N320 ya Vihtavuori kutoka Finland ningeiweka juu zaidi kama mfuko ungekuwa haulalamiki, maana kwa kawaida iko juu ya hizo za Marekani kwa bei. Ni safi, moshi kidogo, inapimika vizuri, na haina nitrogliserini ndani yake kwa hiyo moto wake ni wa kistaarabu. Ukipiga ndani ya ukumbi utaipenda. Ukipiga nje upepo ukivuma, hela hiyo nunua praima, vile viwashio vya kitako cha ganda.

Ya mwisho kwenye hizi za kawaida ni Titegroup na najua hapa nitapigwa mawe. Ni baruti nzuri, haijali imekaa upande gani wa ganda, greini chache, inapimika. Kwa vichwa vya koti la shaba sina neno. Ila ina nitrogliserini nyingi, inaungua moto mkali, na ukiiunganisha na kichwa cha risasi tupu chenye grisi unapata moshi wa kukufanya usubiri uone shabaha, bunduki inachemka mkononi. Halafu mzigo wake mdogo unarudi kwenye lile swali langu, ganda linanyamaza. Ukipaka rangi ya poda vichwa vyako moshi unapungua sana, hapo unaweza kuifikiria.

Magnum, risasi za bastola zenye nguvu kubwa, ni hadithi nyingine kidogo. Kama unataka .357 au .44 ziende kwa nguvu zake na kichwa cha kusubu kigumu kiasi, chenye kikofia cha shaba kwenye kitako, nunua baruti inayoitwa 2400. Elmer Keith, mwandishi wa Marekani wa mambo ya bunduki, ndo aliitumia kwenye mizigo yake mizito ya .44 Special miaka mingi kabla .44 Magnum haijatoka mwaka 1955, na mpaka leo inamvumilia mtu wa kusubu kwa sababu unaweza kushuka chini ya kiwango cha juu na bado ikawaka vizuri. Baruti ya H110 haivumilii hivyo (W296 ni hiyo hiyo, lebo tu, mchezo ule ule wa lebo mbili). Mtengenezaji mwenyewe anasema usipunguze zaidi ya asilimia 3, ukishuka mno inaweza kuzima njiani kichwa kikabaki ndani ya mtutu, na ukifyatua nyingine nyuma yake bastola inapasuka. Anayetaka mizigo milaini ya kusubu hana kazi na H110, aiache hapo hapo kwenye shelfu.

Vipimo vya greini vya kujazia sijaandika hata kimoja (zile 5 na 3.5 zilikuwa za hesabu ya kopo tu) na nimefanya makusudi, hivyo unavichukua kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti, kwa kichwa cha uzito ule ule na cha kusubu, sio cha koti, unaanza chini ya kiwango unapanda taratibu. Data ya rafiki yako ni ya bastola ya rafiki yako. Na angalia kijitabu cha bastola yenyewe pia, Glock kwa mfano wanakataza vichwa vya risasi tupu visivyo na koti kwenye mitutu yao ya kiwandani. Halafu usichanganye makopo mawili hata kama unajua ni kitu kimoja ndani.

Kopo la kurithi au la mtu anayehama, fungua unuse kwanza. Harufu ya baruti nzima ni kama ya spiriti au etha, ikiwa inawasha pua kama asidi na ndani kuna vumbi la rangi ya kutu, imekufa hiyo, usiijaze. Iliyo nzima inakaa miaka mingi kwenye kopo lake lenyewe, mahali pakavu pa baridi, mbali na jua, na kwenye meza kuwe na kopo moja tu lililofunguliwa.

Anza na pauni moja. Ukishaona bastola yako imeipenda, rudi ununue kopo kubwa, na kama dukani bado wana loti namba ile ile, yaani iliyotengenezwa pamoja na ya kwanza, chukua hiyo. Wakikupa loti mpya, ishushe kidogo upande tena kama vile hujawahi kuitumia.