Nyota moja kwa gari la kukodi, na hata hiyo moja naitilia shaka

Naanza na mlango, maana ndio ulionifanya niandike. Mlango wa ubavuni, ule wa kusukuma kurudi nyuma, wa gari la abiria kumi na wawili tulilokodi hapa Portland, Oregon, kwa ajili ya mbio za Hood to Coast. Kampuni siitaji. Anayetaka kujua lina viti vingapi na linakunywa mafuta kiasi gani atayaona kwenye tovuti yao. Picha zimepigwa vizuri kabisa, na kwenye kila picha ule mlango uko wazi.

Mimi si mtu wa kukimbia, hilo lieleweke mapema. Nimezaliwa Mombasa, na kwetu mtu mzima akionekana anakimbia barabarani watu hutazama nyuma yake kuona anafukuzwa na nani. Nilipokuja Oregon nikapata kazi ya kutunza wazee, na kila mfanyakazi mpya akisikia natoka Kenya hunitazama miguu kwanza, uso baadaye. Nimechoka kuwaeleza. Eliud Kipchoge ni mtu wa Nandi, huko juu karibu mita 2,000. Mimi nimekulia pale pale bahari ilipo, na mbio pekee nilizozijua ni za kuwahi feri ya Likoni kabla lango halijafungwa.

Sasa kazini wana timu yao, kila mwaka wanakwenda. Mwaka ule, sikumbuki vizuri kama ni juzi au ule wa kabla yake, mmoja wao akaumia kifundo cha mguu majira ya joto yakikaribia. Nahodha akanijia jikoni na tabasamu, akaniambia mambo haya yako kwenye damu yangu. Nikakataa. Akarudi, nikakataa tena. Mwisho aliyekuja ni yule dada anayenishikia zamu kila mwanangu akiugua, hata usiku wa sikukuu. Huyo humwambii hapana.

Kwa asiyezijua, Hood to Coast ni mbio za kupokezana zilizoanza mwaka 1982. Zinaanzia Timberline Lodge, kwenye Mlima Hood, karibu mita 1,800 juu ya bahari, na kuishia Seaside, kwenye mchanga wa Pasifiki. Ni zaidi ya kilomita 300. Timu ni watu kumi na wawili, vipande 36, kila mmoja anakimbia mara tatu, mchana na usiku bila kusimama. Kijiti hakuna. Mnapokezana kibangili cha plastiki ambacho ukikipiga mkononi kinajizungusha chenyewe. Na timu inagawanyika kwenye magari mawili, sita huku, sita kule: gari moja likiwa kazini, la pili linalala, au linajidanganya kwamba linalala. Kwa hiyo gari si usafiri tu. Ndiyo nyumba, kabati, jiko na hospitali. Ndiyo maana nina hasira kiasi hiki.

Mazoezi sina hamu ya kuyasimulia. Nilikuwa nakimbilia Springwater Corridor, njia iliyotandikwa mahali palipokuwa na reli zamani, mvua ikinyesha ile ya Oregon isiyonyesha wala kuacha. Programu ya simu iliniambia nikimbie dakika moja, nitembee mbili. Hiyo dakika moja ilikuwa ndefu kuliko hotuba ya mwanasiasa kwenye matanga. Mbavu zilinibana, mapaja yakasuguana mpaka nikajifunza kujipaka mafuta ya mgando sehemu ambazo sitazitaja, na kucha mbili za miguu zikawa nyeusi, moja ikang'oka kabisa kwenye soksi.

Mama alinipigia siku moja nikiwa njiani natweta.

"Wakimbia nini, mwanangu? Wadaiwa na nani?"

Nikamwambia ni mashindano, tutakimbia kwa zamu mpaka usiku, milimani. Akanyamaza kidogo.

"Na hao wenzio wamekulazimisha, au umekubali mwenyewe?"

"Nimekubali, mama."

"Haya. Usinihadithie tena mpaka umalize."

Siku ya kuchukua gari, karani alikuwa kijana mmoja mwenye kalamu mbili mfukoni na hakuna hata moja inayoandika. Nahodha alisaini. Mimi ndiye niliyejaribu mlango. Ulikuwa mzito, ukafika katikati ukakwama, nikausukuma kwa bega. Nikamwambia yule kijana, kwa adabu zote, kwamba mlango huu una kasoro. Hakunyanyua kichwa. Akasema, "Vuta kwa nguvu." Kwa nguvu! Ningekuwa na makanga mmoja tu wa matatu za Likoni pale, kijana anayefunga mlango kwa mguu huku akihesabu chenji, angemwambia mlango ule umekufa reli ya chini. Mimi nikanyamaza kwa kuwa watu walikuwa wanapakia mizigo.

Kipande changu cha kwanza kilikuwa mchana, baada ya mji wa Sandy. Joto, lami, nilitembea sehemu, nikamaliza. Sina zaidi. Walioniumiza roho ni wale wa gari la kwanza, waliotangulia kuteremka mlima tangu Timberline. Mteremko unaonekana neema mpaka kesho yake, ukiona watu wazima wanashuka ngazi kinyumenyume.

Usiku ukatukuta St. Helens, tukalala kwenye nyasi za uwanja wa maonyesho katikati ya mamia ya watu, wengine wanakoroma, wengine wanatafuta vyoo kwa tochi. Halafu zamu yetu ikaanza tena, tukapanda kwenye vilima vya pwani. Huko simu ni saa ya mkononi tu, mtandao hakuna. Sehemu ya barabara ni ya changarawe, na magari ya timu zote yanapita humo humo, vumbi linasimama mbele ya taa hata hujui mti uko wapi. Usiku kila mkimbiaji lazima avae fulana inayong'aa na taa, la sivyo hupiti.

Saa 9 usiku, au karibu na hapo. Tumefika kituo cha kupokezana, nimekaa kiti cha nyuma, nimevaa fulana, taa kichwani, nimekwisha kunywa maji yangu. Mwenzangu anakuja, tunamwona kile kitaa chake kinavyocheza. Nashika kishikio cha mlango. Kinalia tak. Mlango unasogea upana wa kidole, unasimama. Navuta. Vuta kwa nguvu, si ndivyo tulivyoambiwa? Nikavuta kwa nguvu. Kishikio cha ndani kikaanza kuzunguka bure mkononi mwangu. Aliye nje akavuta naye, tukawa tunavutana, huyu huku, huyu kule, mlango umetulia.

Nyuma kumejaa mabegi mpaka darini. Katikati ya viti vya mbele kuna boksi la barafu. Nje nasikia mzee wa kujitolea anaita namba yetu, anaita tena, na dada wa watu amesimama kwenye mstari, kibangili mkononi, jasho linaanza kumpoa, anageuka huku na huku. Nikapita juu ya boksi la barafu kwa magoti. Mkanda wa taa ukanaswa kwenye mkanda wa kiti, shingo ikavutwa nyuma. Mguu wangu mmoja uko kwenye sahani ya dereva ya tambi baridi. Nikatoka kwa mlango wa abiria wa mbele, kichwa kwanza, mikono kwenye changarawe, mbele ya watu wa timu labda kumi, na mmoja wao akapiga makofi.

Nilipofika kwenye mstari nilikuwa natetemeka kwa hasira. Nikanyang'anya kile kibangili hata salamu sikumpa, nikaondoka.

Sasa hapa ndipo panaponikera. Kile kipande nilikimbia chote. Sikutembea hata hatua. Nilikuwa naongea peke yangu gizani, Kiswahili kitupu, namjibu yule karani maneno yote niliyoyameza siku ile, na kila nikimaliza sentensi nakuta nimempita mtu. Huko timu zina desturi ya kuchora alama kwenye kioo cha gari kwa kila mtu mliyempita. Nilipomaliza, wenzangu walinichorea safu nzima, wakapiga kelele kwamba hatimaye Mkenya ameamka. Niliwaambia Mkenya hajaamka, Mkenya ametukanwa. Na wewe unayetaka kuniandikia kwamba basi mlango ulinisaidia, usijisumbue. Hakuna kampuni inayolipwa ili initie hasira.

Toka hapo mpaka Seaside mlango tuliufungua kwa watu wawili na bisibisi. Kipande cha tatu nilitembea nusu yake. Pwani tukaungana wote kumi na wawili, tukavuka mstari kwenye mchanga pamoja. Bahari yao ni baridi, haiogeleki, lakini nilivua viatu nikaingia mpaka magotini na nikakaa humo kuliko wote. Watoto wa pwani watanielewa.

Jumatatu tukarudisha gari. Karani yule yule. Akafungua mlango wa dereva, akaingiza pua, akafanya uso. "Mlifuga wanyama humu?" Nikamwambia tulikaa watu sita siku mbili bila kuoga, na kila gari la kukodi la mji huu wiki hii linanuka hivyo. Akaandika ada ya usafi. Akaona alama za wino kwenye kioo, wino wa kuoshwa kwa maji, akaandika nyingine. Nikamwambia, sawa, sasa njoo tuongee mlango. Akazunguka ubavuni, akaugusa kwa mkono mmoja, wa kushoto, kalamu ikiwa kwenye ule wa kulia.

Ukafunguka. Laini. Mpaka mwisho.

"Unafanya kazi," akasema.

Wenzangu wote walikuwa wamekwishaenda kazini. Shahidi sina. Nimesimama pale na magoti yenye makovu, naonekana mwongo. Nikamwomba aufunge aufungue tena. Akakataa, akasema ana wateja. Mteja alikuwa mimi peke yangu.

Nilikusudia kutoa nyota moja. Nikijilazimisha haki, injini haikuzima hata mara moja, na usiku ule kule vilimani hita ilifanya kazi mpaka wale waliorudi wamelowa jasho walikauka. Basi mbili. Halafu nawaza ile "Mlifuga wanyama humu?" na ada mbili alizozikata kwenye kadi ya nahodha, moja tumerudishiwa baada ya barua nyingi, ya pili wapi. Moja. Mbio zenyewe sizipi nyota, maana nikiulizwa asubuhi nasema sirudi, na jioni najikuta naangalia bei za viatu.

Kama na wewe umeshikwa shati na timu ya kazini, fahamu kwamba wiki ile ya mwisho wa Agosti magari makubwa ya kukodi Portland huisha mapema, na huenda mkaishia kwa hawa hawa. Chukueni. Lakini kabla hamjasaini, mlango ufunguliwe na kufungwa mara nyingi mbele ya karani, kutokea ndani na kutokea nje, na simu ikirekodi. Anayekimbia usiku asikae nyuma. Akae mbele na dereva, na lile boksi la barafu lipakiwe gari la pili.